Magoti ya Mkuu wa Stesheni

Katika mji wetu wa Carrigmoyle, magharibi mwa Ayalandi, watu hawakumtania Dervla Mangan. Si kwamba alikuwa mkali. Ni kwamba alirithi kwa baba yake nyumba ya mazishi, inapoandaliwa miili ya wafu, na kila mtu alijua kuwa siku moja atalala mbele yake bila uwezo wa kujitetea. Alirithi pia uso wa kazi: mrefu, mtulivu, usiotikisika hata kidogo. Ukiuona mlangoni kwako unavua kofia kwanza, ndipo unauliza ni nani aliyefariki.

Lakini kila mwezi wa Machi, Chama cha Muziki kilipopanda jukwaani katika ukumbi wa parokia, Dervla alivua koti lake jeusi, akakunja mikono ya shati na kuketi nyuma ya ngoma. Na hapo, kwa uso uleule wa mazishi, alikuwa mtundu kuliko sisi sote.

Mpiga ngoma wa michezo yetu hapigi ngoma tu. Radi ni yake. Kengele ya mlango ni yake. Mwigizaji akizabwa kofi, shavu ni la mwigizaji lakini mlio unatoka shimoni, kwa Dervla. Unaweza kubisha hodi jukwaani mpaka vidole viote sugu. Dervla asipogonga kibao chake, hujabisha. Waigizaji wenye akili walimletea keki.

Shimo lenyewe ni mfereji tu mbele ya jukwaa, tunamobanana watu kumi na kitu na vyombo vyetu, viwiko vikiwa mbavuni mwa jirani. Mimi, Oonagh Scully, nilipiga klarineti ya pili, na kiti changu kilikuwa mbele ya ngoma za Dervla kwa miaka mingi, hata sikio langu la kushoto likastaafu kabla yangu.

Mwaka huo tulicheza *Arusi ya Stesheni*. Mkuu wa stesheni anampenda mjane anayeshuka kwenye treni. Anamchumbia, anakataliwa, mjane anaondoka, treni inamrudisha, wanaoana. Basi. Mkuu wa stesheni alikuwa Malachy Tuohy, dalali wa mashamba na ng'ombe, mwenye sauti ya kusikika kaunti ya pili bila kipaza sauti. Aliimba vizuri, hilo simnyimi. Tatizo ni kwamba na yeye alilijua.

Wiki ya mazoezi ya mwisho alisimama ukingoni mwa jukwaa akasema, "Sista, hizi ngoma zinanimeza. Bendi ni kama bomba la maji nyumbani. Tunalihitaji, lakini nani anataka kulisikia?"

Iggy Breen, tarishi wetu na mpiga tromboni, alinigeukia. "Umesikia? Sisi ni mabomba."

"Mengine ni ya maji taka," nikamwambia.

Sista Columba, aliyetuongoza kwa kijiti chake, alikuwa mtawa mfupi mwenye macho makali na subira ndogo. Alichoka kubishana. Ngoma zikasukumwa nyuma, chini ya sakafu ya jukwaa kabisa, kwenye kijipango chenye giza karibu na bomba la joto. Kutoka huko Dervla aliuona mgongo wangu na kijiti cha Sista. Jukwaa hakuliona hata kidogo.

"Utaweza?" Sista alimuuliza.

"Nitajitahidi, Sista," Dervla akajibu, kwa ile sauti anayowaambia wafiwa kuwa magari yako tayari. "Ila sitakuwa naona. Itabidi niwe nakisia."

Ningekuwa Malachy, neno lile lingeninyima usingizi.

Onyesho la mwisho lina desturi zake. Chai ya jukwaani hutiwa chumvi. Mikono ya makoti hushonwa. Kuna mwaka Iggy alipuliza tromboni akamtoa samaki mkavu. Kwa hiyo Jumamosi, kabla milango haijafunguliwa, Sista alitupanga kama watoto wa komunyo ya kwanza.

"Watu wamelipa kiingilio. Leo sitaki utani. Nimeeleweka?"

"Ndiyo, Sista."

"Dervla?"

"Ndiyo, Sista," akajibu Dervla, kichwa ameinamisha, mikono ameikunja kifuani. Mtu angesema anasali.

Tulipokuwa tukikaa akanigusa bega. "Oonagh. Wewe jukwaa unaliona?"

"Naliona vizuri."

"Magoti ya Malachy unayaona?"

"Kwa nini magoti?"

Akanionyesha kidude cha mbao chenye meno. Ukikizungusha taratibu kinakwaruza kama mlango wa ghala uliosahauliwa kupakwa mafuta. "Akikunja, nipige teke moja. Akinyooka, teke lingine. Mimi sioni, unajua."

Nilikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne, mtunza maktaba, mwenye wajukuu wawili. Nilivua kiatu cha kulia ili nisimuumize.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Sehemu ya kwanza ilianza kwa heshima zote. Malachy aliingia na kofia yake ya reli, akaimba wimbo wa kwanza, akapigiwa makofi. Kisha treni ikafika na Sorcha Lally, mtengeneza nywele wetu na mjane wetu, akashuka, akaliweka sanduku lake chini. Mkuu wa stesheni akainama kulinyanyua.

Nikapiga teke.

*Krrrrk.*

Malachy alibaki ameinama. Nadhani kwa sekunde ile aliamini ni goti lake. Alipoanza kunyooka nikapiga tena. *Krrrrk.* Mtu mmoja nyuma akacheka puani. Malachy akalitua sanduku, akatafakari, akajaribu kukunja goti kidogo tu, kwa siri. *Kr.* Akalirudisha. *Kr.*

"Mafuta ya samaki, Malachy!" akapaza sauti bibi mmoja wa safu ya tatu. "Kijiko kimoja asubuhi!"

Tangu hapo alitembea kama mtu aliyemeza ngazi. Sorcha alipoangusha kitambaa, kama ilivyoandikwa, Malachy alikitazama kwa chuki akamwachia mpagazi akiokote. Walipotakiwa kukaa kwenye benchi la stesheni, alibaki wima akisema anaiangalia saa. Mimi nilikuwa napiga klarineti kwa pumzi nusu, maana nusu nyingine ilikuwa imejaa kicheko. Mbele yetu Sista alikuwa mwekundu kama nyanya, midomo ameibana. Nilidhani ni hasira.

Ikafika posa. Sehemu hiyo huwezi kuikwepa: mwanamume anapiga goti, mwanamke anamwambia, "Inuka, bwana, watu wanatutazama." Malachy aliamua kuposa akiwa amesimama. Akamshika Sorcha mkono, akayasema maneno yake yote, mazuri kweli, wima kama nguzo ya simu. Sorcha hakuwa na la kubadilisha.

"Inuka, bwana," akasema, "watu wanatutazama."

Ukumbi ulipasuka. Malachy akaona afadhali yaishe, akajitupa goti moja chini kwa kasi. Lakini Dervla alikuwa amejiandaa: kidude kilikwaruza kirefu, kirefu, kikapanda, kikashuka, na goti lilipogusa mbao, kengele ndogo ikalia *ting!*

Pazia la mapumziko lilipofungwa, Malachy hakwenda kunywa chai. Alishuka shimoni akiwa na kofia yake kichwani, akapita juu ya miguu ya wapiga fidla, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kijipango cha Dervla.

"Toka nje, Bibi Mangan."

"Niko kazini, Bwana Tuohy."

"Kazini! Umenifanya kikaragosi mbele ya mji mzima!"

"Mimi?" Dervla akasema. Uso wake, ungetaka kumpa pole. "Sioni kitu huku. Wewe ndiye uliyeomba nihamishwe. Nasikia kitu kimekunjwa, nafanya mlio. Nakisia tu."

"Hapo anasema kweli, Malachy," akadakia Iggy. "Bomba likihamishwa, maji hutokea popote."

"Wewe nyamaza, tarishi!" Malachy akamgeukia Dervla tena, kifua kikipanda na kushuka. Kisha ghafla mabega yakamlegea. "Unadhani nilikuhamisha kwa sababu ya kelele?"



"Tangu Januari," akasema, na sauti yake kubwa ikawa ndogo, tukalazimika kusogea. "Tangu tulipomzika mama. Nikiinua kichwa kuimba, wewe uko palepale, mbele yangu, na uso huo. Na nikiuona uso huo nasikia udongo. Ule wa kwanza, unapoangukia mbao. Sasa niambie, Dervla, mtu anaimbaje mapenzi huku anasikia udongo?"

Aliinama, akaweka mikono yote miwili juu ya meza ya vyombo vya Dervla kama mtu anayetafuta pa kujishikiza, akafuta macho kwa mkono wa koti. Kisha akaondoka. Wapiga fidla walikunja miguu ili apite.

Iggy alianza kuisugua tromboni yake ingawa iling'aa. Mimi nilikivaa kiatu changu, na sikumbuki kiatu kilichowahi kunibana namna ile.

"Alimwimbia mama yake makaburini," Dervla akasema polepole. "Nilisimama karibu naye. Sikuwaza kabisa..." Akakitia kile kidude kwenye mfuko, akaufunga. "Mguu wako upumzike, Oonagh. Yameisha."

Na kweli, sehemu ya pili alipiga kama malaika. Kengele zilikuja kwa wakati wake. Malachy aliinama, akakaa, akainuka, na magoti yake yalikuwa kimya kama ya mtoto. Nilianza hata kuuonea huruma ukumbi, maana ulikuwa unasubiri.

Tukafika mahali pa treni. Mkuu wa stesheni yuko peke yake, amekata tamaa, anasikia honi kwa mbali, ikikaribia, naye anapaza sauti: "Treni inakuja!" Honi hiyo ni filimbi kubwa ya mbao yenye midomo minne, na bila yake mchezo hauendi popote, kwa kuwa mjane hashuki kwenye treni isiyofika. Sista akainua kijiti, akakielekeza kwa Dervla.

Kimya.

Akakielekeza tena. Nyuma yangu nilisikia mikono ikipapasa meza, vitu vikigongana, matoazi yakianguka.

"Treni inakuja!" Malachy akasema hata hivyo. Akatega sikio. Akatoa saa yake ya mfukoni, akaitazama, akawageukia watu. "Itakuja. Si mnaijua reli yetu?"

Watu wakacheka. Naye, akiwa amegeuka kidogo upande wetu, akafungua koti kwa kidole kimoja. Ndani yake, kando ya moyo uliokuwa umetuhuzunisha nusu saa iliyopita, ilichungulia midomo minne ya mbao.

Nikajipinda nyuma. "Dervla! Anayo yeye!"

"Nani?"

"Malachy! Iko ndani ya koti! Aliichukua pale alipokuwa analia!"

Dervla alisimama kwa ghafla na kusahau yuko wapi. Kichwa chake kiligonga sakafu ya jukwaa, *du!*, na ukumbi mzima ukasikia.

"Ah," Malachy akawaambia watu kwa masikitiko. "Imegonga ng'ombe."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile katika ukumbi wa parokia. Malachy alikunja mikono, akasubiri, amefurahi kama paka aliyefungiwa chumba cha maziwa. Alitaka tuombe. Alitaka Dervla atoke chini ya jukwaa mbele ya watu, anyooshe mkono.

Badala yake, kutoka gizani nyuma yangu, ilitoka sauti.

"PUUUUU-PUUUUU!"

Ilikuwa ya Dervla. Mwanamke ambaye mji mzima ulimjua kwa kunong'ona, alikuwa amejaza mapafu na kulia kama treni ya makaa. Kisha akashika brashi zake, akaanza kuzisugua juu ya ngoma: *chaku-chaku, chaku-chaku*. Sista Columba alimtazama mara moja, kijiti kikashuka, kikaanza kuhesabu mwendo wa magurudumu. Iggy akaingia na tromboni, akiivuta kama breki. Fidla zikapiga kelele za chuma juu ya chuma. Mimi nilipuliza klarineti ile sauti mbaya ambayo mwalimu wangu alinichapa miaka arobaini iliyopita ili niiache. Treni ilitokea mbali, ikakaribia, ikaja juu ya vichwa vya watu mpaka mtoto mmoja akapanda mapajani mwa baba yake, ikasimama kwa mtweto mrefu wa mvuke ambao tuliufanya wote kwa meno.

Watu walisimama kupiga makofi. Sorcha alitoka kwenye mlango wa behewa akiwa ameshika tumbo, hajui tena anachotakiwa kusema. "Samahani nimechelewa," akabuni. "Kulikuwa na ng'ombe."

Ukabaki wimbo wa mwisho. Sasa, wimbo ule unakwisha kwa noti moja ya juu, na Malachy alikuwa ameizoea tabia ya kuing'ang'ania. Kila onyesho aliirefusha kidogo, sisi tumeinua vyombo, Sista ameinua mikono, tukisubiri bwana amalize ndipo tupige mdundo wa kufunga. Ijumaa Iggy alisema angeweza kugawa barua mtaa mzima na kurudi.

Jumamosi hiyo Malachy aliipanda noti kama mtu anayepanda farasi mpya. Akatanua mikono. Akakaa. Akakaa tena. Uso ukaanza kubadilika rangi.

Sista Columba akashusha mikono. Akakiweka kijiti juu ya karatasi zake za muziki. Akaketi kwenye kigoda, akatoa pipi ya mnanaa kutoka kwenye mkono wa joho lake, akaanza kuifungua. Karatasi ile ilichakarika ukumbi mzima. Akaitia mdomoni. Akatoa nyingine, akampa mpiga fidla wa kwanza.

"Asante, Sista," akasema mpiga fidla.

"Karibu. Haraka ya nini?"

Malachy aliona yote. Asingeweza kuacha, maana sisi tusipopiga wimbo haukwishi, na asingeweza kuendelea, maana pumzi si mali ya dalali. Macho yalimtoka. Noti ilianza kutetemeka. Na kwa kutafuta pumzi kule chini kabisa ya tumbo, magoti yake, taratibu, yakaanza kukunjika.

Naapa sikuamua chochote. Mguu ulijiendea wenyewe, na kiatu chake.

*KRRRRRRK!* Kumbe kidude kilikuwa kimeshatoka mfukoni.

Noti ikapasuka katikati, na ndani yake mkatoka kicheko. Malachy Tuohy alicheka mpaka kofia ikaanguka, akakaa chini palepale kwenye mbao za stesheni, miguu mbele kama mtoto. Na kutoka chini yake, chini ya sakafu, kikajibu kicheko kingine, kikubwa, cha kukwama na kukoroma, kama punda anayejaribu kulia kwa adabu. Watu wa mbele waliinuka kuchungulia. Hakuna aliyekijua. Mimi niligeuka nikamwona: Dervla Mangan ameegemea bomba la joto, machozi yanamtiririka, mdomo wazi, meno yote nje. Hata mimi sikujua kuwa alikuwa na mwanya.

Malachy alinyamaza kabla ya wengine. Aliinamisha kichwa kuelekea mbao, akakaa vile akisikiliza, mpaka Sista alipomeza pipi, akashika kijiti na kututia katika mdundo wa kufunga.

Baadaye tulivunja stesheni kwa nyundo na kunywa chai kwa mikate ya nyama, kama ilivyo kawaida. Malachy alishuka shimoni na sahani ya keki, akaiweka juu ya ngoma kubwa.

Dervla aliitazama keki, kisha akamtazama yeye. "Ile ya udongo. Ilikuwa kweli au ilikuwa biashara?"

"Ilikuwa kweli," Malachy akasema. "Kila neno. Ila mimi ni dalali, Dervla. Kitu cha kweli sikiachi kiende bila kupata kitu juu yake."

"Mwizi wewe."

"Na wewe mchawi wa magoti."

"Ungeniambia Januari. Uso huu sikuuchagua, niliukuta nyumbani. Ningevaa hata pua nyekundu."

"Makaburini?"

"Mama yako angependa. Unakumbuka alivyokuwa anaupigia ukuta wangu mpira alipokuwa na miaka themanini?"

Malachy akaichukua keki ya Dervla, akaila. Dervla akajaribu kumtabasamia kwa makusudi, ili kumzoesha.

"Acha, acha," Malachy akasema. "Hilo linatisha zaidi."

Mvua ilikuwa imeshika. Dervla husafirisha ngoma zake kwa gari lile analosafirishia watu, kwa sababu ni refu na sakafu yake haina matuta, na ngoma kubwa hulala vizuri mahali pa jeneza. Malachy alimsaidia kuzibeba. Alikuwa amekuja kwa miguu, na nyumba yake iko mbali, juu kilimani. Dervla akamfungulia mlango wa mbele. Malachy alisimama mvuani mkono juu ya mlango, maji yakimchuruzika kutoka kwenye kofia ya mkuu wa stesheni, na mimi niliyekuwa chini ya kibaraza cha ukumbi nilidhani atageuka aende zake.

"Basi ingia," Dervla akamwambia. "Mbele ni bure. Nyuma ndiko ghali."

Akaingia.

Waliteremka barabara kuu kwa mwendo ule wa taratibu, maana gari lile halijui mwendo mwingine. Wanaume waliokuwa wakivuta sigara mlangoni mwa baa waliliona linakuja, wakatupa sigara zao, wakavua kofia na kufanya ishara ya msalaba. Malachy akashusha kioo, akaivua kofia yake ya reli, akawapungia mkono kwa huzuni kubwa.